Seva ya C++ inakula RAM bila kushiba, Valgrind inasema hakuna kitu

kasuku_posix:
Wakuu, naomba mwongozo. Seva ya C++17 inayopokea TLS (miunganisho iliyosimbwa) kutoka kwa mashine za wateja, iko Debian 12, kori 8, thredi 16. Ikiwashwa inakaa kwenye RSS (RAM inayoshikiliwa na mchakato) ya MB 400 hivi, halafu inapanda kama MB 90 kwa saa mpaka inagonga kikomo cha cgroup (kundi la michakato lenye ukomo wa rasilimali), GB 4, kerneli inaiua. Mchana wateja wakiwa wengi inapanda kasi, usiku karibu inasimama. Kwenye mashine ya majaribio nimeiendesha chini ya Valgrind, zana ya kusaka uvujaji wa kumbukumbu, kwa `--leak-check=full` na kuipiga maombi laki moja, jibu ni `definitely lost: 0 bytes`. Msimbo wetu hauna `new` tupu, kila kitu ni `unique_ptr` na `shared_ptr` zinazoachia kumbukumbu zenyewe. Nimeshauriwa niweke `MALLOC_ARENA_MAX=2`, kupunguza arena za malloc, mambo yaishe. Nianzie wapi?

fundi_hipu:
Hiyo usiiweke kabla ya kupima. Ukiiweka sasa utabadilisha umbo la tatizo, na kesho hutajua unatibu nini.

Malloc ya glibc (kigawaji kumbukumbu cha maktaba ya C) hugawia thredi arena zao, yaani mafungu ya kumbukumbu, ili zisigombanie kufuli moja, na kwenye biti 64 arena zinaweza kufika mara 8 ya idadi ya kori, yaani 64 kwako. Kumbukumbu uliyoiachia kwa `free` mara nyingi hubaki humo, hairudi kwa kerneli, ndiyo maana RSS inaweza kunenepa bila uvujaji wowote. Lakini unene wa namna hiyo hufika mahali ukatulia. Wako hautulii, na unafuata idadi ya wateja. Kwa hiyo nina wasiwasi nao.

Tenganisha mawili hayo, unene wa arena na uvujaji, hivi, kwa kitatuzi gdb:

`gdb -p PID -batch -ex 'call (void)malloc_stats()'`

Matokeo yanatoka kwenye stderr ya seva yenyewe, si kwenye skrini yako, kwa hiyo kayatafute kwenye logi. Angalia mistari ya mwisho yenye jumla. `system bytes` ni alichochukua malloc kwa kerneli, `in use bytes` ni kile ambacho msimbo wako bado umekishikilia. Rudia baada ya saa moja. Kama `in use` imetulia na `system` inapanda, ni arena na mapengo, hapo jaribu `malloc_trim(0)` au ARENA_MAX. Kama `in use` nayo inapanda, unavuja, na hakuna mpangilio wa malloc utakaokuokoa.

Tahadhari: gdb ikikamata thredi iliyo katikati ya malloc na imeshika kufuli, wito huo utaganda na seva nayo. Fanya kwenye nodi moja uliyoipunguzia wateja.

mtoto_wa_kerneli:
Naongezea kwa fundi. Soma pia `/proc/PID/smaps_rollup`, mstari wa `Anonymous`, uhakikishe kinachokua ni hipu (kumbukumbu inayotolewa na malloc) kweli. Halafu gawanya ukuaji wa saa moja kwa kila kihesabu ulicho nacho: maombi, miunganisho mipya, makosa. Uvujaji wa msimbo huwa na bei yake kwa kila tukio, na bei hiyo ikitoka ileile saa baada ya saa, umeshajua mlango wa kuingilia.

kasuku_posix:
Nimepima. `in use` imetoka MB 1,150 hadi MB 1,241 ndani ya saa moja, na `system` inaifuata kwa karibu. Maombi yalikuwa milioni 1.1, miunganisho mipya 20,300. Kwa muunganisho inatoka KB 4.5 hivi, na saa iliyofuata imetoka hivyohivyo ingawa maombi yalipungua karibu nusu.

fundi_hipu:
Basi ni muunganisho, achana na maombi. Sasa tafuta nani anaomba hizo KB 4.5. Valgrind huwezi kuipeleka kwenye seva yenye wateja, inapunguza kasi mara 10 hadi 50. Tumia jemalloc, kigawaji kingine chenye profaila ya kumbukumbu, inachukua sampuli tu:

`LD_PRELOAD=/njia/libjemalloc.so.2 MALLOC_CONF=prof:true,lg_prof_interval:30,prof_prefix:/var/tmp/je ./seva`

Hiyo 30 maana yake faili jipya kila baada ya GB 1 ya maombi ya kumbukumbu. Ikikuandikia `Invalid conf pair: prof:true`, jemalloc uliyonayo haikujengwa na `--enable-prof`, ijenge upya. Kama seva inawashwa na systemd yenye `PrivateTmp`, usihangaike kutafuta faili kwenye /var/tmp ya kawaida, hutaziona.

Chukua faili moja baada ya seva kupata moto na jingine saa kadhaa baadaye, kisha:

`jeprof --text --cum --base=la_kwanza.heap ./seva la_pili.heap`

Bila `--base` utaona kachi na majedwali ya kuanzia, yatakupoteza. Na kumbuka: profaila inaonyesha kumbukumbu ilizaliwa wapi. Aliyesahau kuiachia anaweza kuwa faili jingine kabisa.

Swali la pembeni: wateja wako halisi wanaleta vyeti vyao vya TLS? Na wale wa majaribio?

kasuku_posix:
Halisi wote wanaleta vyeti, wa majaribio hawaleti. Na jeprof inaonyesha karibu tofauti yote iko chini ya `SSL_accept`, ndani ya `d2i_X509`. Ina maana OpenSSL, maktaba ya TLS tunayotumia, ndiyo inavuja?

bi_makufuli:
OpenSSL haina kosa hapo. Tafuta kwenye msimbo wenu `SSL_get_peer_certificate`. Kila ukiiita inaongeza kihesabu cha marejeo cha cheti (idadi ya wanaokishikilia), na ni juu yako kukipunguza kwa `X509_free`. Usipofanya hivyo, `SSL_free` itaondoa rejeo lake, moja litabaki, cheti hakifi. `unique_ptr` haikusaidii kwa sababu `X509*` hiyo ni kielekezi kitupu cha C. Mteja asipoleta cheti wito huo unarudisha NULL, ndiyo maana Valgrind haikuwa na la kusema.

OpenSSL 3.0 imetenganisha majina: `SSL_get1_peer_certificate` inaongeza kihesabu, `SSL_get0_peer_certificate` haiongezi. Ukihitaji kusoma jina tu, tumia get0. Ukitaka cheti kiishi kuliko muunganisho, fungia hivi:

`std::unique_ptr<X509, decltype(&X509_free)> cheti(SSL_get1_peer_certificate(ssl), X509_free);`

Msipite na `X509_free` kila mahali kwa hasira, lakini. `SSL_get_peer_cert_chain` haiongezi kihesabu, wala `X509_get_subject_name`, ukiviachia utapata ajali mbaya kuliko uvujaji. `X509_get_pubkey` inaongeza, inataka `EVP_PKEY_free`. Na `X509_NAME_oneline` ikipewa NULL badala ya bafa inakuundia tungo mpya, iachie kwa `OPENSSL_free`.

kasuku_posix:
Ipo, kwenye faili la logi za ukaguzi, inaitwa mara moja kwa kila muunganisho. Nabadilisha iwe get0.

mtoto_wa_kerneli:
Kwenye majaribio ongeza wateja wenye vyeti, na ujenge kwa `-fsanitize=address -g -fno-omit-frame-pointer`, inayoweka mtafuta uvujaji ndani ya programu. Ripoti ya uvujaji inatoka programu inapomalizika kwa njia ya kawaida. SIGTERM isiposhughulikiwa seva inakufa kimya bila ripoti, kwa hiyo ishike hiyo ishara, funga thredi, rudi kutoka `main`. Usiiendeshe chini ya gdb wala strace wakati huo, mtafuta uvujaji naye anatumia ptrace (wito wa kerneli wa kushika mchakato mwingine) kama wao, na atakataa kufanya kazi.