Ushauri: silika ya vitundu vya nanomita na umeme wetu wa Lubumbashi

Mwana_Kemia: Wakubwa, mnisaidie. Niko mwaka wa mwisho. Kazi yangu ni kutengeneza SBA-15, silika yenye vitundu vya nanomita vilivyojipanga, kwa P123, ile polima ya vitalu vitatu, PEO-PPO-PEO, halafu nibandike amini (kemikali yenye nitrojeni) ndani ya vitundu inase shaba iliyo majini. Mapishi ya mwaka 1998 yanataka nyuzi 35 kwa saa 20, kisha 80 usiku kucha, mwisho kuchoma kwa 500. Umeme gani huku utavumilia hayo? Msimamizi anasema nibadili somo.

Fundi_Tanuri: Badili. Ama tafuta jenereta.

Yaya_Labo (Bukavu): Mdogo wangu, usibadili. Wote mnaogopa tanuri, kumbe hatari iko mwanzoni. PPO haipendi maji, inajificha katikati. PEO inabaki nje, na silika inajijenga humo kwenye PEO. Polima ndiyo inachora ramani. Chumba kikiwa baridi saa hizo 20 za kwanza utapata unga usio na mpangilio; ukizidisha 80, ni jeli tu. Koroga mpaka mchanganyiko ugeuke mweupe, funga chupa, itumbukize kwenye glasieri, lile sanduku la kutunzia vinywaji baridi, yenye maji ya nyuzi 40. Umeme ukienda, glasieri haina habari! Chungulia kipimajoto, ongeza maji ya moto. Kwenye tanuri silika imeshakuwa ngumu: umeme ukikatika inapoa, ukirudi unaanza tena, polepole, nyuzi 1 kwa dakika. Ukiiosha kwanza kwa ethanoli, polima nyingi inatoka na moshi unapungua.

Mwana_Kemia: Aksanti sana yaya. Na TEOS, ile malighafi ya silika? Bei yake inatisha.

Yaya_Labo (Bukavu): Silikati ya sodiamu inafanya kazi pia, ila uoshe chumvi yote. Mimi ningeanza na TEOS kidogo, nijue muundo sahihi unafananaje.

Kipimo: Na utathibitishaje? Usikimbilie mashine ya eksirei ya watu wa madini, ile inayosoma mpangilio wa ndani, kabla ya kuuliza. Kwenye mchoro wake, kilele kikubwa cha SBA-15 kiko chini ya nyuzi 1 ya pembe, si ya joto, na mashine nyingi za madini huanza kusoma juu ya hapo. Utaletewa karatasi yenye kilima kimoja kipana cha silika, useme umeshindwa.

Fundi_Tanuri: Hilo la glasieri sikuliwaza.

Mwana_Kemia: Kesho naulizia mashine kwanza. Msimamizi nitamwona nikiwa na jibu.