Naomba ushauri: binti yangu anakataa mboga za majani na matunda

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Ujiji, Kigoma, na nina binti wa miaka 4 ambaye hula ugali na dagaa bila shida, lakini akiona matembele au sombe kwenye sahani hufunga mdomo, na hata kipande cha papai hukigeuzageuza mkononi kisha akakirudisha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa umri wake apate angalau gramu 250 za matunda na mboga kwa siku, naye hafikishi hata robo.

Nafahamu kwamba mtoto huiga anachokiona kwa wazazi, na kwamba chakula kigeni huenda kikahitaji kuonjwa mara nyingi kabla hajakizoea. Nakiri kuwa baba yake huisogeza mboga pembeni mbele yake, na mimi humpa biskuti saa kumi jioni, ambazo nadhani humshibisha mapema. Juzi tu, alipochuma mchicha pamoja na bibi yake, alikula vijiko viwili.

Je, niendelee na njia hiyo, au kwanza nizungumze na baba yake, na nimwambieje asione namlaumu? Kumlazimisha mtoto sitaki, maana akilia huacha chakula chote.