Anyongwe kwa ushahidi wa tochi? Watu wa Mtwara na Lindi, tujadili

Wakuu, kila kesi ya mauaji inapoisha Mahakama Kuu pale Mtwara mjini, standi na sokoni maneno ni yale yale: "Anyongwe tu." Mimi nasema hapana. Pale ambapo hatia haina uhakika, serikali haina haki ya kutoa roho ya mtu, hata kama jaji amefuata sheria yote.

Kwa kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, mtu mzima akitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia adhabu ni moja, kunyongwa hadi kufa (mjamzito hufungwa maisha). Jaji hana pa kugeukia. Awe na mashahidi kumi waliomwona mtu mchana kweupe, au mmoja aliyeona kwa kibatari, atatamka adhabu ile ile.

Sasa fikirieni vijijini kwetu, Tandahimba, Nanyumbu, Liwale. Mlango umevunjwa kwa fatuma, lile jiwe kubwa la majambazi, usiku wa manane. Mwanga uliopo ni tochi ya jambazi mwenyewe, nayo inakumulika machoni. Asubuhi askari anakuuliza kama ulimtambua mtu, na maiti ya mumeo iko ndani. Moyo unataka jina, na jina la yule kijana mliyegombana naye juu ya mpaka wa mikorosho liko karibu sana.

Mahakama ya Rufani iliona hatari hii zamani. Katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, 1980, ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uondolewe: umbali, mwanga, muda, kama mlifahamiana kabla. Mwongozo mzuri sana. Lakini shahidi akiapa kwamba taa ilikuwa inawaka vizuri, nani ataenda kuipima taa hiyo miaka mitatu baadaye?

Mchangiaji, Newala:
Mleta mada, hujafiwa wewe. Sisi tumemzika mtoto wa mama mdogo, kakatwa mapanga msimu wa korosho kwa ajili ya hela ya mnada. Sheria imeshasema shaka ikibaki mshtakiwa aachiwe, sasa unataka nini tena? Na tangu 1994 hajanyongwa mtu. Wauaji wanakula ugali wa kodi yangu.

Mleta mada:
Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Sitaki muuaji aachiwe, afungwe maisha. Ila sheria inaondoa shaka iliyoonekana siku ile kesini tu. Nyingine huja baadaye: shahidi anabadilisha maneno, mhalifu wa kweli anakamatwa kwa tukio lingine. Japani, Iwao Hakamada alihukumiwa kifo 1968, akafutiwa hatia 2024 akiwa na miaka 88, hai. Uingereza, Timothy Evans alinyongwa 1950, msamaha ukatoka 1966. Ukamkuta kaburini.

Hoja yako ya 1994 inanipa nguvu mimi. Kama hatunyongi, kwa nini tumlazimishe jaji kutamka? Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ilishaamua, 28 Novemba 2019, kwamba adhabu ya kifo ya lazima katika sheria yetu inakiuka haki ya kuishi, kwa kuwa jaji hapewi nafasi ya kupima. Leo uhai wa waliohukumiwa unategemea rais aliyepo asisaini hati ya kunyonga, na marais hubadilika.

Ninachotaka ni jaji aachiwe kuchagua. Na kesi iliyosimama juu ya shahidi mmoja wa usiku, au juu ya maelezo ya polisi ambayo mshtakiwa ameyakana mahakamani, isifike kitanzini kamwe.

Nawe wa Newala, tuambie kama inakuwia rahisi kusema: huyo aliyeshtakiwa kwa kifo cha ndugu yenu, alitambuliwaje?