Kifurushi kina nyota kibao, mtunzaji mmoja: nikiamini?

mchanga_wa_msimbo:
Wakuu, habari zenu. Nahitaji kifurushi cha kusoma PDF kwenye mfumo wa ankara. Nimepata kimoja npm (ghala la vifurushi vya JavaScript), kina nyota kibao za GitHub (alama za waliokipenda), ila mtunzaji ni mtu mmoja na toleo la mwisho lina zaidi ya mwaka. Bosi anasema nyota zinatosha. Nyie huwa mnaangalia nini?

fundi_seva:
Nyota weka kando mkuu. Mtu anabonyeza mara moja, harudi tena. Mimi naanzia kwenye ripoti za matundu ya usalama: likiripotiwa, anajibu nani, na anachukua muda gani? Ukimya wa mwaka peke yake haunitishi, maana kifurushi kidogo kikishakamilika kinaweza kutulia. Tundu lililoripotiwa likaachwa bila jibu, hapo naondoka.

Kuhusu mtunzaji mmoja, kumbuka kisa cha 2024 cha xz, programu ya kubana faili inayotumika kwenye Linux. Ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja anayejitolea. Akaja anayejiita Jia Tan, akasaidia zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa kutoa matoleo. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mfumo. Andres Freund aliunasa baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia. Kwa nje mradi ulionekana hai kabisa!

Na hapa ndipo wengi wanapitwa: faili la kuuamsha ule mlango, build-to-host.m4, halikuwemo kwenye repo ya Git, yaani msimbo wa wazi wa mradi. Lilikuwa tu ndani ya furushi la toleo linalopakuliwa. Kwa hiyo usisome GitHub ukaridhika. Endesha `npm pack` na jina la kifurushi ili upakue furushi lenyewe, lifungue, ulinganishe na repo. Kisha tazama package.json kama kuna postinstall, maana hiyo ni amri inayojiendesha yenyewe unaposakinisha.

neema_linux:
Pitisha pia Scorecard ya OpenSSF, zana inayopima usalama wa mradi wa msimbo wazi. Inatoa alama 0 hadi 10.

fundi_seva:
Nzuri, ila soma kipengele kimoja kimoja. Alama ya jumla inaficha mengi. Na vifurushi ambavyo hicho kinavitegemea, vitafute kwenye OSV, hifadhidata ya matundu yanayojulikana.

mchanga_wa_msimbo:
Nimekifungua. Kuna postinstall inayopakua faili la programu kutoka anwani isiyotajwa popote kwenye maelezo yake. Nimemwandikia mtunzaji kumuuliza. Asipojibu, hakiingii kwenye mradi, na bosi nimeshamwonyesha huo mstari.