Mjadala: Dereva wa daladala alipwe mshahara, au hesabu ya siku iendelee?

Mleta mada

Wakuu, kila daladala ikipata ajali Dar tunarudia yaleyale: madereva wahuni, makonda hawana adabu, trafiki wanakula rushwa. Leo naomba tuwaweke wahuni pembeni tuizungumzie hesabu.

Kwa asiyeifahamu: dereva anachukua gari alfajiri, usiku anampelekea tajiri, yaani mwenye gari, kiasi kilichopangwa. Kiasi hicho ndiyo hesabu. Mafuta juu yake, mpiga debe juu yake, ushuru wa stendi juu yake, faini ya barabarani mara nyingi juu yake. Kinachobaki anagawana na konda. Siku Jangwani pamejaa maji na barabara imefungwa, hesabu iko palepale. Tuseme tajiri anataka laki moja na mafuta yanakula laki nyingine. Basi mchana kutwa dereva anawatafutia wengine. Hela yake mwenyewe anaanza kuitafuta jioni, na yuko kwenye usukani tangu saa kumi alfajiri. Yaani anaanza kujitafutia riziki saa ambazo macho yameshachoka kabisa. Ukiona Hiace imepanda njia ya waenda kwa miguu saa mbili usiku, dereva yuko kwenye hela yake sasa.

Angalia na wanafunzi. Nenda kituoni Mbagala au Gongo la Mboto saa kumi na mbili asubuhi. Konda ameziba mlango kwa mkono: "Wanafunzi wawili tu, wengine subirini!" Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, haifiki nusu ya nauli ya mtu mzima, na nafasi anayochukua ni ileile. Nauli ilipangwa na serikali, tajiri hakupunguza hesabu hata shilingi, kwa hiyo punguzo la mtoto wako linatoka mfukoni mwa konda. Halafu tunamwita katili. Mimi ningekuwa konda ningeziba mlango vilevile.

Kukatisha ruti ni hivyohivyo. Gari limeandikwa Mbezi linaishia Kimara, kwa sababu mbele abiria wamebaki wanne na upande wa kurudi kuna vichwa vimejaa kituoni.

Sheria tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki. Dereva wa saa kumi na tano kwa siku anazimaliza Jumatano jioni, na bado ana Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Mikataba nayo ipo, kwenye mafaili. Aprili na Mei 2015 madereva waligoma, na mikataba ya ajira ilikuwa kati ya madai yao makubwa. Karatasi zikasainiwa, hesabu ikaendelea. Ukishampa mtu mkataba wa mshahara mkono wa kulia na hesabu mkono wa kushoto, atafanya kazi kwa ule wa kushoto.

Na siyo sisi peke yetu. Santiago, Chile, miaka ya mwanzo ya 2000, kulikuwa na mabasi ambayo dereva analipwa kwa kichwa cha abiria, na mengine dereva ana mshahara, yote katika jiji moja na kwenye njia zinazofanana. Watafiti wa uchumi wakayalinganisha. Mabasi ya kulipwa kwa kichwa yalikuwa na ajali zaidi kwa takriban asilimia 67 kwa kila kilomita. Madereva wa aina ileile, mji uleule. Uhuni wao ulitoka wapi, kama siyo kwenye namna ya malipo?

Msimamo wangu: hesabu iondoke. Anayeshika usukani asiguse nauli, alipwe mshahara. Karibuni mnipinge.

Mmiliki wa Kosta

Mleta mada, inaonekana hujawahi kumiliki gari. Mimi niliwahi kumlipa dereva mshahara. Gari ikawa inalala mapema, kila jioni naambiwa "bosi leo abiria hamna", lakini mafuta yanakwisha kama kawaida. Konda hatoi tiketi. Nitajuaje kabeba watu mia nne au mia saba? Mimi nipo ofisini kwangu Kariakoo, gari iko Tegeta. Hesabu ndiyo risiti yangu pekee.

Na usisahau gari ni ya mkopo. Benki haiulizi kama Jangwani pamejaa maji.

Halafu UDA mmeisahau? Shirika la mabasi ya Dar la 1974, madereva wa mshahara, sare, kila kitu. Kufika 1983 serikali yenyewe ikaruhusu magari ya watu binafsi kwa sababu watu walikuwa wanalala vituoni. Hao madereva wa mshahara walikuwa wapi?

Abiria wa Kimara

Namuunga mkono mmiliki, na sihitaji kurudi hadi UDA. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao maalumu, ilianza Mei 2016. Dereva hagusi nauli, hana hesabu, hana mpiga debe, kila anachokiomba mleta mada kipo. Sasa njoo Kimara saa kumi na mbili na nusu asubuhi uone nyomi. Basi linapita limejaa, la pili linapita tupu halisimami, la tatu hatujui litakuja lini. Dereva hana haraka kwa sababu mimi nikichelewa kazini yeye hakatwi kitu. Daladala angalau inanitaka.

Na huo utafiti wako wa Chile umeusoma nusu. Watafiti haohao walikuta abiria wa mabasi ya mshahara wanasubiri kituoni muda mrefu zaidi, kama asilimia 10. Kule wale wa kulipwa kwa kichwa walikuwa na vijana wamesimama vituoni na daftari, wanaandika basi lililotangulia limepita saa ngapi, wanamuuzia dereva anayefuata hiyo taarifa ili ajue aongeze mwendo au apunguze. Wapiga debe wenye akili. Nani mwenye mshahara angewalipa watu hao?

Dereva

Wote mnatusemea tu. Ngoja niseme mwenyewe.

Hesabu sijaichukia. Siku nzuri naondoka na hela ambayo hakuna tajiri atanilipa kwa mshahara. Ninachokichukia ni kwamba siku mbaya ni yangu peke yangu. Mvua yangu, foleni ya msafara yangu, pancha yangu.

Na gari silipendi, nawaambia ukweli. Naisikia gia inalia tangu juzi. Nikiipeleka gereji siku imekufa, nyumbani sipeleki kitu, na kesho naweza kukuta deiwaka, dereva wa kibarua, ameshika ufunguo. Kwa hiyo naongeza redio. Bosi wa Kosta hapo juu anashangaa kwa nini klachi haimalizi miezi. Mimi ni mtu wa leo, klachi ni ya mwezi ujao.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Sisi tulijaribu kwa amri. Februari 2004 waziri John Michuki alileta sheria zake: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda kila kiti, sare za dereva na makanga, na wafanyakazi waajiriwe kwa mshahara wa mwezi. Mikanda na sare unaziona kwa macho, askari anasimamisha matatu, yaani daladala zetu, anahesabu, kwa hivyo zilikuja. Mshahara hauonekani barabarani. Hadi leo, jioni mwenye gari anangojea target yake, yaani hesabu yenu.

Kitu ambacho kimewahi kusogeza mambo hapa ni kidogo tu. Watafiti waliweka vifaa vya kufuatilia mwendo kwenye matatu 255, halafu wamiliki wa baadhi ya magari wakapewa programu ya simu ya kuona gari lilikuwa wapi, limetembea kilomita ngapi, limeendeshwa vipi. Wale walioona walibadilisha masharti yao na madereva, gari likaanza kutunzwa na faida ikapanda. Kwa hivyo bosi wa Kosta ana haki: tatizo lake ni kwamba haoni. Lakini akiona, sababu ya kumkamua dereva inapungua.

Mleta mada

Abiria wa Kimara kanibana vizuri, ile nusu ya kusubiri kituoni sikuiweka na ilipaswa kuwemo. Lakini kwenye mwendokasi simkubalii. Dereva wa mwendokasi hawezi kuendesha basi ambalo halipo. Mabasi ni machache kuliko abiria tangu zamani. Hapo wa kuulizwa ni kampuni, nayo ina malipo yake yanayoisukuma. Ikiwa kipato cha kampuni ni nauli tu, na hakuna anayeikata hata shilingi abiria wakisubiri saa nzima, basi mabasi matatu yaliyoshonana yanaacha faida zaidi ya mabasi sita yenye nafasi. Hesabu imehama kutoka kwa dereva ikakaa ofisini. London kampuni za mabasi zinalipwa na mamlaka ya usafiri ya jiji kwa kilomita na kwa kutochelewa, nauli inaingia kwa mamlaka. Kampuni basi lake likichelewa inaumia yenyewe. Hilo sharti ndilo tulilolikosa Kimara, mshahara wa dereva hauna kosa.

Hata hivyo, dereva kanisogeza kidogo. Mshahara mtupu nauondoa mezani. Napendekeza hivi: mshahara wa chini unaopita benki ili LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, waweze kuuona wakati wa kuhuisha leseni ya gari, badala ya kuangalia karatasi, juu yake asilimia ya mauzo, na kifaa cha kufuatilia ili bosi asibaki gizani. Nauli ya mwanafunzi ifidiwe na aliyeipanga. Hilo la mwisho sina imani kama litatokea, lakini bila hilo mkono wa konda utabaki mlangoni.

Mmiliki wa Kosta

Kifaa nanunua, siyo ghali kama klachi. Asilimia naikubali pia, ila konda atoe tiketi za mashine, la sivyo ni asilimia ya uongo. Mshahara wa chini ndio unanitisha. Gari ikilala gereji wiki mbili nalipa nini, na kwa hela ipi?

Dereva

Na mimi hizo wiki mbili nilikuwa nakula nini, bosi? Anza na hili ambalo halihitaji LATRA: siku nikikuletea gari mwenyewe nikakwambia gia inalia, siku hiyo wewe unilipe nusu ya siku, na ufunguo usimpe mtu mwingine. Ukikubali hilo kesho nakuletea gari saa mbili asubuhi.