Mjadala: Je, riwaya ya upelelezi inamtetea askari mstaafu au inamficha aliyemdhulumu?

Hoja ninayoileta ni kwamba riwaya nyingi za upelelezi zinazojengwa juu ya ufisadi wa kisiasa na dhuluma dhidi ya askari wastaafu huishia kumkinga mwizi yule yule ambaye zinadai kumfichua. Waandishi wake hawakusudii hivyo. Wanabanwa na desturi ya fani, inayotaka sura ya mwisho imtaje mhalifu mmoja, atiwe pingu, na msomaji ashushe pumzi. Wapo wengi wasiokubaliana nami na baadhi ya hoja zao ni nzito, kwa hiyo nitazitaja kabla ya kuzijibu.

Askari aliyejeruhiwa si mgeni katika fani hii. Daktari Watson, msimulizi wa visa vya Sherlock Holmes, alijitokeza kwa wasomaji mwaka 1887 akiwa majeruhi wa vita vya Afghanistan, aliyerejea Uingereza na afya iliyovunjika, akiishi London kwa malipo ya shilingi 11 na peni 6 kwa siku. Uchache wa malipo hayo ndio uliomfanya atafute mwenzake wa kuchangia naye kodi, na ndivyo alivyokutana na mpelelezi. Hata hivyo, kisa cha kwanza kikishaanza, hakuna anayeuliza tena ni nani aliyekadiria malipo hayo wala kwa kipimo gani. Waliofuata baadaye wameipita njia hiyo hiyo: mstaafu huletwa akiwa maiti ya sura ya kwanza, au muuaji aliyevurugwa akili na vita, au mpelelezi mlevi mwenye kovu. Hilo la kumfanya muuaji ndilo ninaloliona baya kuliko yote, kwa maana aliyenyimwa matibabu hugeuzwa kuwa tishio, na aliyemnyima hubaki mtu wa heshima anayehojiwa kwa adabu ofisini mwake.

Dhuluma yenyewe hufanyikaje? Tuchukue hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Phoenix, Marekani, iliyochunguzwa mwaka 2014. Mgonjwa alitakiwa kupangiwa daktari ndani ya siku 14, na tathmini ya kazi pamoja na marupurupu ya viongozi vilifungamana na lengo hilo. Wakaguzi waliwakuta wastaafu 1,700 waliokuwa wakisubiri daktari ilhali majina yao hayamo katika orodha rasmi. Katika sampuli ya wagonjwa 226, hospitali ilikuwa imeripoti wastani wa siku 24 za kusubiri, lakini wakaguzi walipohesabu walipata siku 115. Waziri mwenye dhamana alijiuzulu mwezi Mei mwaka huo huo. Silaha iliyotumika hapo ilikuwa orodha: jina likiwekwa pembeni, siku za kusubiri hazianzi kuhesabiwa, na takwimu inabaki safi. Karani aliyeliweka pembeni ameagizwa, aliyemwagiza anaitazama takwimu, na mwenye takwimu anatazamwa na wanasiasa wanaotaka kusikia kwamba mambo yanakwenda vizuri. Mpelelezi akiingia katika jengo hilo akitafuta mtu mmoja wa kumtia pingu atampata bila shaka, naye atakuwa yule karani.

Wanaonipinga watanikumbusha Charles Forbes, na wana haki ya kufanya hivyo. Aliteuliwa mwaka 1921, chini ya Rais Warren Harding, kuongoza idara iliyowahudumia Wamarekani waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Vifaa vya hospitali vilivyokuwa katika maghala ya serikali huko Perryville, Maryland, yakiwamo mashuka na taulo, viliuzwa kwa bei ya kutupa wakati wagonjwa wakivihitaji. Forbes alijiuzulu mwaka 1923, akatiwa hatiani mwaka 1925 kwa njama ya kuilaghai serikali, na hatimaye akafungwa. Hapa pana mwizi mwenye jina, na pana ghala linaloweza kuonyeshwa kwa kidole, na ninakubali kwamba kisa hiki kinaandikika bila taabu. Lakini miaka 7 baada ya hukumu hiyo, maveterani wa vita vile vile walikusanyika Washington kudai fidia waliyoahidiwa kwa sheria ya mwaka 1924, ambayo kwa wengi wao ilipangwa kulipwa mwaka 1945. Mnamo tarehe 28 Julai 1932 waliondolewa na jeshi walilolitumikia, kwa vifaru na gesi ya machozi, na kambi yao ikateketea kwa moto. Hakuna ofisa aliyefungwa kwa ajili hiyo, kwa kuwa amri ilikuwapo na mwenye kuitoa alijulikana. Mwandishi anayekomea kwenye lango la gereza la Forbes anamwambia msomaji kwamba deni limelipwa, ilhali halijaguswa.

Ipo hoja nyingine, na hii ninaikubali moja kwa moja: wastaafu si malaika, na riwaya inayowachora wote kuwa wanyonge inawanyima utu wao. Nchini Zimbabwe, mfuko wa fidia kwa waathiriwa wa vita vya ukombozi ulilipa kwa kufuata asilimia ya ulemavu aliyoiandika daktari kwenye fomu. Mwaka 1997 ilijulikana kwamba mfuko umechotwa, na tume iliyoongozwa na Jaji Godfrey Chidyausiku ikapitia madai ya vigogo na jamaa zao walioandikiwa ulemavu mkubwa ajabu, huku wakiendelea na vyeo vyao kama kawaida. Miongoni mwao walikuwamo waliopigana kweli. Nikiifikiria riwaya ninayoitamani, huiona hapa hapa: mpelelezi ameketi na fomu moja, anaitazama tarakimu iliyomo ndani ya kisanduku, kisha anamtazama mwenye fomu akipanda ngazi bila kuchechemea, na anatambua kwamba asilimia hiyo imechukuliwa kutoka kwenye mguu wa mtu mwingine. Aliyeichukua na mwenye mguu huo walilala handaki moja. Fitina gani ya mauaji inaizidi hiyo kwa uzito?

Wapo wanaosema kwamba majalada na mihuri humchosha msomaji, na kwamba bila maiti hakuna mashaka ya kumfanya afungue ukurasa unaofuata. Ninawaomba waitazame Thiaroye, karibu na Dakar, ambako tarehe 1 Desemba 1944 askari wa Kiafrika waliopigania Ufaransa na kushikwa mateka na Wajerumani walipigwa risasi na jeshi la Ufaransa walipodai malimbikizo ya mishahara yao. Taarifa rasmi ilitaja vifo 35, na wanahistoria wameipinga idadi hiyo kwa miaka mingi. Ilipofika Novemba 2024, Rais Emmanuel Macron alikiri kwamba yale yalikuwa mauaji ya halaiki. Ni wangapi waliouawa, walizikwa wapi, na fedha walizozidai ziliishia mikononi mwa nani? Maiti wapo, na hata hivyo bila nyaraka hakuna anayeweza kuwahesabu.

Kipimo ninachokipendekeza kwa riwaya ya namna hii ni kwamba msomaji akifika mwisho ajue kama aliyedai amelipwa, na kama hakulipwa, ajue ni saini ya nani iliyozuia, na sheria ipi iliyomruhusu mwenye saini hiyo kuzuia. Anayeona kwamba kipimo hiki kinaiua fani anijibu swali moja: mhalifu akishatiwa pingu na malipo ya mstaafu yakawa bado yamefungiwa katika masijala, ni kesi ipi hasa ambayo mpelelezi ameimaliza?