Mkomamanga umepogolewa kama zabibu, sasa hauzai. Nifanyeje?

MamaWaIyumbu:
Wakuu habari za majukumu. Niko Iyumbu hapa Dodoma, nina mikomamanga miwili ardhini ina kama miaka mitano na mwingine mmoja kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 kibarazani. Mwaka juzi ile ya chini ilizaa mpaka nikagawia majirani. Mwaka jana mwezi wa nane nikamwita kijana anayepogoa zabibu huko Hombolo, akaja na mkasi wake akafyeka yote miwili vikabaki visiki tu, akasema subiri mvua mama utashangaa. Kweli nimeshangaa, maana imetoa vijiti virefu wima vinapita ukuta, maua manne matano tu nayo yakadondoka. Sasa mwezi wa nane ndio huu tena naogopa hata kushika mkasi. Nikate au niache? Na ule wa kwenye ndoo unanyauka saa saba mchana hata kama asubuhi nimemwagilia.

Mzee_wa_Veyula:
Mbukwa mama. Kijana kafanya alichozoea tu. Zabibu inazaa kwenye chipukizi jipya linalotoka kwenye kijiti cha msimu uliopita, ndio maana unaikata sana na bado inazaa. Komamanga sio hivyo, maua mengi yanakaa kwenye vitawi vifupi vinavyotoka ubavuni mwa matawi yenye miaka miwili mitatu, sasa ukifyeka matawi hayo umefyeka na maua. Mwaka huu usikate sana. Ng'oa maotea yote yanayotoka chini kwenye shina, yashike mbichi uyavute maana ukiyakata juu juu yanarudi mengi zaidi. Bakiza mashina matatu au manne yenye afya, toa yaliyokauka na yanayosuguana katikati ili jua liingie. Hivyo vijiti wima usivimalize, vinavyoziba katikati toa, vilivyokaa vizuri punguza ncha kama theluthi vitoe matawi ya pembeni, humo ndio utavuna baadaye. Fanya sasa hivi mti umepumzika kabla ya mvua za Desemba. Na vaa glavu, ile miiba mimi ilishanilaza na kidole kimevimba siku mbili.

dada_miche:
Kuhusu maua kudondoka usilie sana. Komamanga lina maua ya aina mbili, yenye kitako kinene kama chungu ndio yanashika tunda, yale membamba chini kama kengele ni dume yanadondoka tu hata ufanyeje.

Kibaraza:
Wa kwenye ndoo shida ni mizizi aisee. Mimi wangu ulikuwa hivyo hivyo, nikaupindua nikakuta mizizi imezunguka ndoo kama kata ya kubebea maji, udongo hauonekani. Nikachukua kisu nikanyoa mizizi ya pembeni na chini kama vidole viwili, nikaurudisha na udongo mpya na samadi iliyooza, na matawi nikapunguza kidogo maana mizizi imepungua haiwezi kulisha yote. Narudia kila baada ya miaka miwili. Kwenye ndoo mimi naacha shina moja tu. Ukipata pipa la lita 50 hamishia huko, na kama ndoo yako ni nyeusi itoe kwenye jua la mchana, inachemka. Pia usimwagilie leo nyingi kesho ukasahau, matunda yanapasuka.

MamaWaIyumbu:
Asanteni sana jamani. Nimetoka kuhesabu, mmoja una mashina 11! Nimeng'oa maotea mpaka mgongo unauma. Hivi vijiti vilivyokatwa navitupa au vinaota?

Mzee_wa_Veyula:
Vinaota. Chagua vya unene wa penseli, kata kama sentimita 20, theluthi mbili ziingie udongoni na usivigeuze juu chini. Weka kivulini. Na mchwa wa Iyumbu nawajua, usivichomeke moja kwa moja ardhini, anzia kwenye viriba.

dada_miche:
Vikiota nihifadhie viwili mimi, niko Nkuhungu nitavifuata.